Vidato vya Shapiro vimeachana mara mbili ya inavyotakiwa: nimegundua kitu au nimeharibu kitu?

Nukta77 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina jambo linaninyima usingizi tangu juzi. Nimepewa kiungo kimoja cha Josephson cha YBCO (superkondakta ya kauri), kile kinachotengenezwa kwenye mpaka wa punje mbili za fuwele. Kimebandikwa kwenye ncha ya kijiti na kuzamishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77. Kazi yenyewe ni ya mafunzo tu: pitisha mkondo, pima volteji, chora grafu, halafu kimulike kiungo kwa maikrowevu ya gigahezi 10 uone vidato vya Shapiro, yaani volteji ikipanda kama ngazi badala ya mkunjo laini. Watu wanaifanya tangu 1963, haina ugeni wowote.

Bila maikrowevu kila kitu kinakwenda vizuri. Mkondo unapanda kutoka sifuri hadi mikroampea 110 hivi na volteji imelala sifuri, kisha inainuka kwa mkunjo laini mpaka inakuwa mstari mnyoofu. Nikiwasha maikrowevu, ule mkunjo unakatika vipande: mkondo unaongezeka, volteji imegoma, imegoma, inaruka, inagoma tena. Vidato safi. Nilipiga kelele peke yangu maabara.

Sasa shida. Kwa gigahezi 10, kidato na kidato vinatakiwa kuachana kwa µV (mikrovolti) 20.7. Vyangu vimeachana kwa µV 41.2. Vyote, hadi cha nne, upande wa chanya na wa hasi. Nikashusha masafa hadi gigahezi 8, vikasogeleana hadi µV 33. Yaani vinafuata masafa kama inavyopasa, ila mara mbili.

Nimesoma mahali kwamba vidato vya namba witiri vikipotea, vikabaki vya shufwa tu, ni dalili ya chembe za Majorana, zile zilizotabiriwa na nadharia na bado zinatafutwa. Sitaki kujidanganya, lakini pia sitaki kuwa yule mtu aliyeona kitu akakifuta akidhani ni uchafu. Mnaionaje?

FundiBaridi

Hongera kwa vidato, si wote wanavipata siku ya kwanza. Kuhusu Majorana, tulia kwanza, Stockholm wanakotolea Nobel hawafungi mlango leo.

Nipe mambo matatu. Ukinzani wa kiungo kwenye ile sehemu ya mstari mnyoofu ni ohmu ngapi? Umebadilisha nguvu ya maikrowevu au umekaa kwenye kiwango kimoja? Na waya kutoka kwenye kijiti hadi kwenye kipimio cha volteji zinapita kwenye nini?

Mpitanjia

Samahani wakubwa, sisi tulioingia kwa bahati mbaya mtuonee huruma. Kiungo cha Josephson ni nini, na kwa nini volteji igome? Huko kwetu ukiongeza mkondo volteji inapanda, basi.

Mwalimu_Fazi

Ndugu Mpitanjia, karibu. Nitajaribu.

Chukua vipande viwili vya superkondakta, yaani mata iliyopozwa hadi ukinzani wake ukafa kabisa. Vitenganishe kwa utando wa kihami wenye unene wa nanomita moja au mbili. Ndani ya kila kipande elektroni zimeshikana mbili mbili, na jozi zote, mabilioni kwa mabilioni, zinakwenda kwa mdundo mmoja. Mdundo huo una fazi, sawa na mshale wa saa: wakati wowote uko mahali fulani kwenye mzunguko wake. Kipande cha kushoto kina mshale wake na cha kulia kina wake.

Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa miaka 22 pale Cambridge, alikaa na hesabu akatoka na mambo mawili. La kwanza, jozi hupenya ule utando bila volteji yoyote, na ukubwa wa mkondo unategemea tofauti ya ile mishale miwili. La pili, ukiweka volteji, tofauti ya mishale inaanza kuzunguka, na kasi yake ni gigahezi 483.6 kwa kila milivolti moja. Mkondo nao unakwenda na kurudi kwa kasi hiyo hiyo. John Bardeen, ambaye nadharia ya superkondakta ya 1957 inabeba jina lake, hakukubali na aliandika hivyo. Haukupita muda, mwaka 1963 Philip Anderson na John Rowell wa Bell Labs wakalionyesha lile la kwanza mezani.

La pili lilikuwa gumu kulinasa, maana mawimbi yanayotoka kwenye kiungo kimoja ni hafifu mno. Sidney Shapiro, akiwa kampuni ya Arthur D. Little huko Massachusetts, akaligeuza swali. Badala ya kusubiri kiungo kitoe mawimbi, yeye akakipelekea. Viungo vya aluminiamu na bati, gigahezi 9.3 na 24.85, mwaka huo huo 1963. Grafu ikatoka na vidato.

Kwa nini igome? Hapa naomba usahau elektroni kidogo. Chukua bati la migongo, liegemeze ukutani kwa mwinamo, weka gololi juu yake. Mwinamo ukiwa mdogo, gololi imekaa kwenye bonde la mgongo mmoja, haiendi popote. Hiyo ndiyo hali ya volteji sifuri: mwinamo ni mkondo unaopitisha, na mwendo wa gololi ndio volteji. Inamisha zaidi, gololi inachomoka na kuporomoka. Kuna mkondo na sasa kuna volteji.

Halafu anza kulitikisa bati mbele na nyuma, kwa mdundo usiobadilika. Kuna miinamo ambayo gololi itapatana na mkono wako: kila ukitikisa mara moja, yenyewe inavuka mgongo mmoja. Sasa ongeza mwinamo kidogo. Ungetarajia iende kasi zaidi, lakini haiendi. Inavuka mgongo mmoja kwa kila mtikiso, imeshika mdundo wako na haiuachii. Ongeza tena, bado mmoja. Mpaka mwinamo ukizidi kabisa ndipo inaponyoka, na ikitulia tena utaikuta inavuka miwili kwa kila mtikiso. Hicho ni kidato cha pili. (Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakuna anayerudia darasa hapa, ila kuna wanaoruka, kama mtani wetu Nukta77 anavyodai.)

Mgongo mmoja ni mzunguko mmoja kamili wa fazi. Mitikiso bilioni 10 kwa sekunde, migongo bilioni 10 kwa sekunde, na hiyo ukiibadilisha kuwa volteji ni µV 20.7. Katika hesabu hiyo hakuna unene wa utando, hakuna aina ya metali, hakuna joto. Kuna masafa, kuna namba ya Planck, kuna chaji ya elektroni mbili. Kwisha.

Mpitanjia

Mwalimu, nimeelewa kuliko nilivyoelewa umeme kwa miaka minne. Swali la kizushi: oveni ya maikrowevu ya jikoni ikitumika?

FundiBaridi

Gigahezi 2.45, kidato cha µV 5.07. Ila masafa yake yanayumba, kwa hiyo kidato kingeyumba nacho. Na kwa nguvu ile ungepika kiungo. Usijaribu.

Jozi_2e

Nukta77 asikatishwe tamaa mapema. Hoja ya witiri si ya kijiweni. Kwenye kiungo cha kawaida, fazi ikizunguka mara moja kila kitu kinarudi kilipoanza. Kwenye kiungo chenye hali za Majorana inabidi fazi izunguke mara mbili ndipo mfumo urudi nyumbani. Kwa mfano wa Mwalimu, ni kama migongo ya bati imekuwa mipana mara mbili, basi hatua ndogo kabisa ya gololi ni migongo miwili ya zamani. Vidato vya 1, 3, 5 vinapotea. Mwaka 2012 Rokhinson na wenzake waliripoti kidato cha kwanza kupotea kwenye waya mwembamba wa InSb (aina ya semikondakta) uliowekwa ndani ya uga wa sumaku, na 2016 ikaripotiwa kwenye mata nyingine, HgTe. Ni fizikia halisi.

FundiBaridi

Ni fizikia halisi, mkuu, sikatai. Lakini soma masharti. Wale walikuwa na mata maalumu na baridi ya milikelvini. Huyu bwana ana YBCO ndani ya ndoo ya naitrojeni. Tena kwenye majaribio yale vidato vilipotea kwa masafa ya chini, vikarudi masafa yakipanda. Vya kwake havirudi.

Na hata ukiwa na mata inayofaa bado hujashinda kesi. Mwaka 2021 Dartiailh na wenzake walionyesha vidato vikipotea kwenye kiungo cha aluminiamu na semikondakta ya InAs ambacho hakina Majorana yoyote. Kiungo kikiwa wazi sana, yaani jozi zinapenya karibu bila kuzuiwa, fazi inaweza kurukia hali ya juu badala ya kuifuata ya chini, na kwa macho ya kipimio ni kama imezunguka mara mbili. Tangu hapo mtu akiniambia "witiri vimepotea" namuuliza kwanza alipima nini kingine.

Kelvini4

Kuna jambo mmeliruka. Namba yenyewe, µV 41.2 kwa gigahezi 10, iko jirani kabisa na hf (namba ya Planck mara masafa) gawanya kwa e moja (chaji ya elektroni moja), si e mbili. Hiyo ni 41.4. Dayem na Martin waliona vidato vya namna hiyo 1962, kabla hata ya Shapiro, na Tien na Gordon wakaandika nadharia yake 1963. Elektroni moja moja, zisizo kwenye jozi, zinapenya utando kwa kusaidiwa na fotoni, yaani chembe za maikrowevu yenyewe. Si jozi kabisa. Labda ndicho anachokiona?

Mwalimu_Fazi

Wazo zuri, Kelvini4, na namba inakaa. Lakini tazama vinapotokea. Vidato vya Dayem na Martin hujipanga kuzunguka volteji ya pengo la nishati, pale ambapo jozi zinaanza kuvunjika. Kwa niobiamu hapo ni karibu milivolti 2.8, na kwa YBCO ni makumi ya milivolti. Nukta77 ana vidato kuanzia sifuri kwenda juu, yuko mbali sana na huko. Pia vidato vya elektroni moja moja ni mabega kwenye grafu, volteji inasita tu. Yeye anasema volteji imegoma. Kugoma kabisa ni kazi ya fazi iliyoshikana na mdundo.

Kwa faida ya wasomaji, vile vidato vya fotoni vimeajiriwa. Vipokezi vya darubini za redio za mawimbi ya milimita, ALMA kule Chile ikiwemo, hutumia viungo vya niobiamu vilivyoegemezwa karibu na pengo lile. Picha ya shimo jeusi la M87 iliyotoka 2019 ilipigwa kwa mawimbi ya milimita 1.3 yaliyopokelewa kwa viungo hivyo.

Nukta77

Asanteni wote. Nimerudi maabara, haya majibu.

Nguvu nimeibadilisha, desibeli tatu kwa tatu. Jambo la ajabu kwangu: urefu wa vidato haubadiliki hata kidogo, 41.2 inabaki 41.2. Kinachobadilika ni upana wake kwenye mhimili wa mkondo. Kile cha sifuri kinafifia taratibu mpaka karibu kinapotea, wakati huo cha kwanza ndicho kinanenepa. Nikiongeza zaidi, cha sifuri kinafufuka, kidogo kuliko mwanzo.

Ukinzani kwenye mstari mnyoofu: ohmu 2.1.

Waya zinatoka kwenye kijiti, zinaingia kwenye amplifaya ndogo niliyoiweka kukuza mara 1000, kisha kwenye kipimio cha volteji.

Mwalimu_Fazi

Hicho kufifia na kufufuka ndicho kizuri kuliko vyote, na wengi hawakitazami kwa sababu wana haraka ya kusoma volteji. Upana wa vidato unapanda na kushuka kufuata vitendaji vya Bessel, mikunjo ya hisabati inayoyumba huku ikififia. Kwa hesabu ile rahisi, ambayo kiungo kinapewa volteji ya maikrowevu moja kwa moja, mkondo wa sifuri hufa pale kipimo cha msukumo wa maikrowevu kinapofika 2.405, kisha hufufuka. Kidato cha kwanza kinafikia unene wake wa juu kabisa kabla ya hapo, kwenye 1.84, na unene huo ni asilimia 58 ya mkondo wa awali. Kiungo chako kinalishwa mkondo, si volteji, kwa hiyo namba hazitakaa sawasawa, ila sura ndiyo hiyo.

Na usishangae urefu kutobadilika. Ukitikisa bati kwa nguvu zaidi bila kubadilisha mdundo, gololi itashikana na mdundo vizuri zaidi au vibaya zaidi, lakini ikishikana ni mgongo kwa mtikiso. Nguvu inaamua kidato kitadumu kiasi gani. Masafa ndiyo yanaamua kiko wapi.

FundiBaridi

Ohmu 2.1. Na karatasi iliyokuja na kiungo inasemaje?

Nukta77

Nimeitafuta. "Karibu ohmu 1."

FundiBaridi

Basi hapo.

Fikiri pamoja nami. Kama witiri vimepotea kwa sababu ya Majorana, vidato vingeachana mara mbili lakini ukinzani ungebaki ohmu 1. Kama jenereta yako inatema gigahezi 20 badala ya 10, vile vile: vidato mara mbili, ukinzani ohmu 1. Kwako volteji zote zimejiongeza mara mbili, za vidato na za mstari mnyoofu, ambao hauna habari na fazi wala Majorana. Kitu kinachozidisha kila volteji mara mbili bila ubaguzi hakikai ndani ya kiungo. Kinakaa kati ya kiungo na macho yako.

Jozi_2e

Au kuna viungo viwili mfululizo. Mpaka wa punje ukikatizwa mara mbili na njia ya mkondo, unapata viungo viwili, ukinzani mara mbili, na vyote vikishikana na maikrowevu kila kidato kinakuwa mara mbili. Hiyo pia inaeleza kila kitu, na ni ndani ya kiungo.

FundiBaridi

Kweli, hiyo sikuiwaza, nakubali. Lakini viungo viwili vya YBCO vyenye mkondo ukomo (ule ukivukwa volteji inaanza) unaofanana kabisa ni bahati ya mtende. Kikawaida kimoja kitalegea mapema, na grafu isiyo na maikrowevu itaonyesha magoti mawili. Kwa nguvu ndogo pia kimoja kingeshikana na mdundo kabla ya mwenzake, na ungeona vidato vya 20.7 vikichungulia. Nukta77, grafu yako ina goti moja au mawili?

Nukta77

Moja.

FundiBaridi

Toa kiungo. Weka rezista ya ohmu 1 unayoiamini pale pale kwenye ncha za kijiti, waya zile zile, amplifaya ile ile, usiguse kitufe chochote. Pitisha mikroampea 100 utuambie kipimio kinasoma nini.

Asiyeamini

Naheshimu elimu zenu ila niulize wazi. Watu wazima, miaka sitini na kitu, mnaangalia vidato vya mikrovolti. Vinamsaidia nani?

Kelvini4

Vinamsaidia kila mwenye kipimio cha volteji, nawe ukiwemo.

Zamani volti ilitunzwa kwenye seli za kemikali za Weston, chupa za zebaki na kadimiamu zilizofungiwa kwenye sanduku la joto lisilobadilika. Zilizeeka, zilisusa zikisafirishwa, na volti ya nchi moja haikulingana kabisa na ya nyingine. Vidato vilileta volti inayotokana na masafa, na masafa ndicho kitu binadamu anachopima vizuri kuliko vyote. Kuanzia 1 Januari 1990 maabara za vipimo dunia nzima zilikubaliana kutumia gigahezi 483,597.9 kwa volti. Tarehe 20 Mei 2019, namba ya Planck na chaji ya elektroni zilipopewa thamani zisizobadilika, ile namba ikasogea kidogo hadi 483,597.8484. Volti ya maabara ikahama kwa takribani sehemu moja kwa milioni kumi. Wewe hukuhisi, lakini wenye vipimio vya hali ya juu ilibidi wasahihishe vitabu vyao.

Tatizo lilikuwa udogo. Kidato kimoja ni mikrovolti, na watu wanataka volti 10. Dawa ni kuvipanga viungo mfululizo kwenye kipande kimoja, vyote vikipigwa na maikrowevu yale yale. Volti 1 ilifikiwa katikati ya miaka ya 1980 kwa viungo karibu 1,500 kwenye masafa ya makumi ya gigahezi. Volti 10 ilifuata 1987 kwa viungo zaidi ya 14,000. Siku hizi kuna vipande vya kuprogramu vinavyofanya kazi karibu na gigahezi 18, na huko kila kiungo kinatoa µV 37 tu, kwa hiyo wanapanga zaidi ya laki mbili na nusu. Laki mbili na nusu, na vyote vinatakiwa vishike kidato kimoja kwa wakati mmoja. Kimoja kikiponyoka unalijua papo hapo.

Mpitanjia

Na Nobel ya 2025 si ndiyo hii hii?

Mwalimu_Fazi

Ni ndugu yake. John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kazi ya Berkeley ya 1984 na 1985. Wao hawakuiacha gololi iporomoke. Waliiweka ndani ya bonde moja, baridi ya milikelvini, wakaimulika kwa maikrowevu wakitazama inatoroka lini. Ikawa inatoroka kwa urahisi kwenye masafa fulani tu, maana ndani ya bonde kuna ngazi za nishati kama za atomu. Maikrowevu yale yale na kiungo cha aina ile ile, ila swali lao lilikuwa tofauti.

Clarke huyo huyo, mwaka 1968, alilinganisha viungo vya metali za risasi, bati na indiamu kwa mawimbi ya masafa sawa. Vidato vyao vililingana hadi sehemu moja kwa milioni mia. Mwaka 1983 Tsai, Jain na Lukens walisogeza ulinganisho huo hadi sehemu mbili kwa 10 kipeo cha 16. Ndiyo maana tangu mwanzo nilikuwa namshuku kila mtu kwenye uzi huu isipokuwa kile kiungo.

Nukta77

Nimerudi. Naona aibu kuandika.

Rezista ya ohmu 1, mikroampea 100, ilitakiwa isome µV 100. Imesoma 199.3.

Nimefungua kijitabu cha amplifaya. Ile "mara 1000" kwenye kitufe inahesabiwa ukiwa umefunga mzigo wa ohmu 50 kwenye tundu la kutokea. Kipimio changu hakinywi mkondo karibu kabisa, kwa hiyo ilikuwa inakuza karibu mara 2000 muda wote. Aliyetumia meza hii kabla yangu alikuwa na kofia ya ohmu 50 imechomekwa pale. Mimi niliichomoa siku ya kwanza nikidhani ni kifuniko cha vumbi.

Nikigawanya: 41.2 kwa 1.993 ni 20.67. Kitabu kinasema 20.68. Na ukinzani ni ohmu 1.05.

FundiBaridi

Kifuniko cha vumbi! Hiyo nitaisimulia.

Usione aibu. Umesawazisha amplifaya kwa kiungo cha Josephson, hivyo hivyo ndivyo maabara za vipimo zinavyofanya, wao wana karatasi nyingi tu. Kati ya rezista yako na kidato, ile namba ya kidato ndiyo ya kuandika. Hiyo rezista iko tayari kukudanganya kwa sehemu kadhaa kwa elfu na usijue.

Jozi_2e

Majorana wapumzike kwa amani. Kwa leo.

Nukta77

Kabla hamjaondoka. Nilipochora upya kwa mhimili uliosahihishwa, nikapunguza kasi ya kupandisha mkondo, kuna kitu kati ya sifuri na kidato cha kwanza. Kidogo sana, volteji haigomi, inasita tu. Kiko kwenye µV 10.3. Kipo na upande wa hasi. Mwanzoni nilidhani ni kelele, lakini nimepita mara sita na mara zote sita kipo.

Mwalimu_Fazi

Nusu kidato. Hesabu rahisi ya kiungo chenye ukinzani tu, bila kapasita, na mkondo unaofuata saini (ile sine ya hisabati) safi ya fazi, haitoi nusu vidato hata kimoja. Kwa hiyo kama ni cha kweli, kimojawapo kati ya hivyo hakishiki: ama kuna kapasita ya kutosha, ama mkondo haufuati saini safi, ama mpaka wako wa punje si kiungo kimoja bali vingi vidogo bega kwa bega. Kwa YBCO hilo la mwisho lisingenishangaza.

FundiBaridi

Na mimi nasema jenereta kwanza. Hii imenigharimu wiki mbili za maisha yangu. Jenereta nyingi zikitakiwa gigahezi 10 huzaa 5 ndani, kisha huzidisha mara mbili, na mabaki ya ile 5 yanavuja. Gigahezi 5 inatoa kidato kwenye µV 10.3 kamili. Niliandika kurasa nane za nadharia kuhusu nusu vidato vyangu, mpaka jirani yangu wa maabara akaniuliza kama nimechuja.

Tafuta kipande cha bomba la mawimbi la bendi X, hata sentimita 20, ukiweke njiani kati ya jenereta na kijiti. Chini ya gigahezi 6.56 bomba hilo halipitishi. 10 itapita, 5 itafia ndani. Kisha sukuma nguvu mpaka kidato cha kwanza kiwe na upana ule ule wa mwanzo, ndipo ulinganishe.

Nukta77

Bomba lipo kwenye kabati la vitu vya zamani. Naitrojeni imebaki robo ya chupa. Naenda.

Nukta77

Nimepitisha kwenye bomba. Kidato cha kwanza nimekirudisha kwenye upana wake. Kile cha 10.3 kimepungua, karibu nusu ya kilivyokuwa. Lakini bado kipo.

FundiBaridi

Haya. Sasa ndiyo fungua uzi mpya.